Sauti ya Mtu wa Chumvi

Mabibo, Dar es Salaam
3 Agosti 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa uani unaota jua, maana najua Agosti ya Kate isivyo na huruma. Mimi sijambo, ila joto la huku linanionea. Goti linasemaje? Na sikio? Nimerudi kwenye kalamu kama ulivyoniagiza, kwa kuwa simu inakungurumia kama mashine ya kusaga na nusu ya maneno yangu yanapotea njiani.

Nimepata kazi. Nakuomba usipige ishara ya msalaba kabla hujamaliza ukurasa huu. Kuna tajiri mmoja huku anauza filamu zilizotafsiriwa, zile ambazo mtu anaweka sauti ya Kiswahili juu ya Kizungu. Za mapigano ana watafsiri wengi. Mimi amenipa kapu ambalo wenzangu walilikataa: filamu za zamani za kutisha, picha nyeusi na nyeupe, nyingine zilitengenezwa kabla hujazaliwa. Mazimwi, wafu wanaoamka, watu wanaogeuka wanyama mwezi ukiwaka. Wenzangu walicheka, wakauliza nani atanunua hofu ya mababu. Mimi nilitamani kumkumbatia yule tajiri.

Unakumbuka lile banda la video la Mazwi, mjini Sumbawanga, ulilokuwa ukilipita mbio mbio ulipokuja kuniona shuleni? Humo ndimo nilimoliona zimwi langu la kwanza. Lilikuwa linatembea polepole. Mtu yeyote angeweza kulikimbia, hata wewe na goti lako, na bado hakuna aliyeponyoka. Sisi kwenye mabenchi tulishikana mashati. Na lilipokufa, kijana mmoja wa kidato cha nne, mbabe wa shule nzima, alilia mbele yetu wote. Tangu siku ile najiuliza inakuwaje mtu amlilie aliyemtisha.

Filamu za siku hizi zinamwaga damu kwa ndoo na mtazamaji anaendelea kutafuna karanga. Wale wa zamani hawakuwa na damu ya kumwaga. Walikuwa na taa, ukuta na kivuli, na unga kidogo usoni. Wanakuonyesha mkono unashika kitasa, halafu wanaiondoa picha, wanakuachia umalizie mwenyewe. Kila mtu anamalizia kwa hofu ya kwao. Nadhani ndiyo maana hazizeeki, na ndiyo maana nazipenda kiasi hiki.

Nijibu basi, hata kama ni kunigombeza.

Mwanao,
Rafaeli


Kate, Nkasi
25 Agosti 2024

Kwako mwanangu Rafaeli,

Marahaba. Barua yako ilifika na gari la Jumanne, imekunjwa lakini nzima, kama mimi. Goti lipo, linatabiri mvua kuliko redio. Sikio la kulia limeshaaga, la kushoto linasikia linachotaka. Mengine yote ni ya kumshukuru Mungu. Wewe unakula? Unakula nini?

Ishara ya msalaba niliipiga kabla sijafika nusu ya ukurasa. Ulichelewa kunionya.

Sasa nikuulize, wewe mtoto wa Ufipa. Mtu ukitaja kwenye basi kwamba unatoka Sumbawanga, wa pembeni anasogea akidhani utamtumia radi. Nchi nzima inatutania kwa uchawi. Na katika kazi zote za duniani wewe umeona uuze vitisho? Hofu huku tunayo ya bure, mwanangu, wala haihitaji kutafsiriwa.

Hata hivyo sitakuwa mnafiki. Bibi yako alikuwa akitusimulia habari za zimwi mpaka tunakojoa mkekani, na kesho yake jioni ni sisi tuliokuwa wa kwanza kukaa. Tena tulimwomba lile lile la jana. Akibadilisha hata neno moja tunamrudisha. Nilikuwa nalijua zimwi lile kuliko nilivyowajua shangazi zangu, na kila lilipofika mlangoni moyo ulinipiga kana kwamba halijawahi kuja. Kwa hiyo nakuelewa kidogo. Kidogo tu, usinenepe kichwa.

Mwezi wa kumi nitapika pombe ya ulezi niwaite watu wanilimie shamba la bondeni, kama kila mwaka. Goti halitaki tena jembe, na bila mikono ya watu sitapanda hata punje. Rafiki yangu Bertha ameahidi kunisaidia kukoroga, na kuonja bila shaka.

Jambo jingine. Bundala, kijana wa wale Wasukuma waliohamia na ng'ombe, amefungua banda la video karibu na nyumba yetu. Ana spika ambayo hata sikio langu la kulia inalifufua. Kama kazi yako itafika huku, sitahitaji kwenda bandani. Nitaipata jikoni.

Mama yako,
Kristiana


Mabibo, Dar es Salaam
20 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimecheka barua yako mpaka jirani akagonga ukuta. Mimi mzima, ninakula wali maharage na dagaa, usiwe na wasiwasi. Sauti tu ndiyo imekauka kwa kazi, nainywesha tangawizi. Mpe Bertha salamu zangu, mwambie asiimalize pombe kabla wakulima hawajafika.

Nimemaliza nusu ya filamu ninayoipenda kuliko zote zilizomo kapuni, na lazima nikusimulie la sivyo sitalala. Inaitwa Mtu wa Chumvi. Wachimbaji wanapasua ukuta wa mgodi wa chumvi, wanamkuta mtu mkubwa ajabu ameganda humo ndani, mweupe toka utosini hadi miguuni. Wanakimbia. Yeye anaamka, anatoka, anashuka kijijini na kuanza kugonga milango. Anapokanyaga, majani yanakauka. Anapokunywa, kisima kinakuwa chumvi. Ngozi yake unaona kabisa ni unga na gundi, na penye kiwiko uzi umefumuka. Wala hilo halipunguzi kitu. Aliyeigiza alijua kutembea kama mtu aliyelala vibaya na kila kiungo kinamuuma. Na akishagonga mlango, anarudi nyuma hatua moja na kusubiri, kama mtu aliyelelewa. Nimeitazama mara nyingi mno, na kila anaporudi ile hatua nywele zinanisimama, halafu namwonea huruma, yote mawili kwa pamoja. Sijui dawa gani nyingine inayofanya kazi hiyo baada ya miaka mingi namna hii.

Katika filamu yenyewe hasemi, ananguruma tu. Mtafsiri mwingine angemwacha angurume. Mimi nilikaa na maikrofoni chumbani kwangu, nimetundika mablanketi ukutani kuzuia kelele za barabarani, nikajiuliza: huyu anagonga, je, anasema nini? Nikampa maneno, na sikuyatafuta mbali. Kuna kitu nimekuwekea humo, mama. Siku spika ya Bundala itakapokiletea jikoni kwako, utakitambua.

Mwanao,
Rafaeli


Kate
2 Novemba 2024

Rafaeli,

Marahaba. Mimi mzima. Natumaini nawe mzima.

Nilikuwa ndani nachambua maharage nikajisikia nikiongea nje.

Ilikuwa sauti yangu, umeiiga sawasawa, na kikohozi changu kinachotangulia neno, na ninavyovuta mwisho wa neno Kifipa. Ikasema: "Nimekusalimu. Kama salamu huitaki, nirudishie." Kate nzima inajua hayo ni maneno ya nani. Nimewaambia wote wanaonipita bila kuitikia, tangu nikiwa msichana. Banda lilicheka kwanza. Halafu likanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikoniogopesha.

Bertha ameniambia yaliyosemwa. Kwamba zimwi linakausha mashamba na kuharibu visima, na linaongea kwa sauti ya Kristiana. Kwamba mwanawe wa kumzaa ndiye anayemjua vizuri, na ameona bora atangaze. Jirani yetu Polikarp amekumbusha kwamba ndama wake alikufa siku ile ile aliyonipita asubuhi bila kunijibu. Macho yangu mekundu, ambayo ni ya moshi wa kuni maisha yangu yote, sasa yamepata sababu nyingine.

Pombe nilipika. Iliiva vizuri kuliko ya mwaka jana. Jumamosi nilipanga mitungi na vikombe uani, nikakaa nikisubiri watu. Waliipita barabara na majembe begani wakienda kwingine. Hakuna aliyeingia. Bertha peke yake alikuja akakaa nami, lakini hata yeye alisema tumbo linamsumbua, hatakunywa. Jioni nilimwaga yote. Huhitaji kufundishwa maana yake. Mkono ambao watu wanaogopa kunywa kutoka kwake, wanauita mkono wa nini? Najua wanawake waliohamishwa vijiji kwa madogo kuliko haya.

Shamba halijaguswa na mawingu yamekwisha kuja.

Usije sasa. Ukija watasema umekuja kuthibitisha ulichotangaza.

Mama yako,
Kristiana

Bertha anasema picha ilikatika zimwi likimwinamia mtoto wa msaga unga. Alimla?


Mabibo, Dar es Salaam
8 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Sijui kama nina haki ya kuuliza hali yako, lakini nauliza. Unalala? Nani anakuchotea maji?

Hakumla.

Nianze hapo kwa sababu huko Kate hakuna anayejua, na hilo ndilo linaloniua. Wauzaji wa huku huikata filamu vipande viwili. Wanatoa sehemu ya kwanza, wanakuacha na hamu, kisha baada ya majuma kadhaa wanatoa ya pili. Hii wameikata pale Mtu wa Chumvi anapomwinamia mtoto aliyelala, mikono imenyooka, na ukutani kivuli chake ni kikubwa kuliko nyumba. Hapo wakaandika ITAENDELEA. Watu wa Kate wameona nusu ya mtu.

Nusu nyingine ni hii. Alimwinamia kwa sababu mto ulikuwa umevunja kingo na maji yameshaingia chini ya mlango, na watu wazima wote walikuwa wametoka na mienge kumtafuta yeye. Anambeba. Nje mvua inanyesha, na yeye ni chumvi. Anapanda naye mlima, na kila hatua anapungua: vidole, sikio, bega. Wanakijiji wanamzunguka, anamshusha mtoto juu ya jiwe, mzima. Asubuhi hakuna mtu, ila weupe kwenye gauni la yule mtoto. Mara ya kwanza nilipoiona nilizima mashine nikakaa gizani nikilia.

Mama, nilitaka awe na mama yake. Nilitaka anayemsikia ajue kwamba huyu alizaliwa, akafundishwa kubisha hodi na kusalimu. Na kwangu salamu ina sauti moja tu. Nilidhani Kate wangecheka na kujivunia. Nimeishi huku muda mrefu mpaka nikasahau kwetu ni wapi, mimi ambaye kila siku naulizwa kazini kama nina radi mfukoni. Nisamehe. Naandika haya machozi yananitoka.

Sasa nisikilize. Sehemu ya kwanza haiwezi kurudi, imeshanakiliwa kwenye kila flashi. Lakini ya pili bado sijaiwekea sauti. Naweza kumpa sauti nyingine, nzito, ya mtu wa pwani, hakuna atakayekukumbuka. Au nikutumie nauli uje huku, ukae nami kabisa. Chumba ni kidogo lakini tutatosha. Sema unalotaka nami nitafanya hilo.

Mwanao,
Rafaeli


Kate
16 Novemba 2024

Mwanangu Rafaeli,

Marahaba, baba. Sasa nalala. Maji najichotea, nakwenda mapema kabla wengine hawajaenda ili wasipate taabu ya kugeuza njia. Wewe usilie ukiacha kula, ukikonda watasema na hilo ni langu.

Barua yako nilimsomea Bertha. Tulipofika kwenye bega Bertha aliniomba nirudie. Nina hasira na wewe, tena hasira kubwa, na katikati ya hasira hiyo nilikuwa nalala usiku nikimwaza yule mtoto. Hebu fikiria. Watu wamekataa pombe yangu kwa sababu ya zimwi, na mimi nilikuwa nakosa usingizi kwa kutojua zimwi lilifanya nini. Nikasema, basi hawa waliokaa bandani wana hali gani? Bertha anasema watoto wanacheza Mtu wa Chumvi njia nzima ya kwenda shule, na wanagombea nani awe yeye. Hakuna anayetaka kuwa msaga unga. Watu wazima ndio walioogopa sauti yangu. Watoto wameipenda.

Dar es Salaam siji. Nikiondoka nitakuwa nimekiri.

Na sauti usibadilishe. Ukimpa sauti ya pwani watasema Rafaeli amegundua kosa, ameficha. Mtu hawezi kugonga mlango kwa sauti moja na kumwokoa mtoto kwa sauti nyingine. Aliyewatisha ni Kristiana, basi na atakayembeba mtoto awe Kristiana. Wamsikie mpaka mwisho.

Ila hapo wanapomzunguka na mienge, wewe ulitaka aseme nini? Usimfanye aombe. Usimfanye alaani pia. Nimekaa na jambo hili jikoni, nimelikoroga, na nimelipata. Mwandikie hivi:

"Nimekaa chini ya miguu yenu siku zote. Nimeingia katika kila chungu chenu. Harusi zenu nimo, misiba yenu nimo. Semeni mnaniogopa, nitawaelewa. Lakini msiseme hamnijui."

Aseme polepole. Akohoe kwanza. Wewe unajua ninavyokohoa.

Mvua ya kwanza imenyesha jana. Shamba bado ni majani. Wengine wameshaanza kupanda.

Mama yako,
Kristiana


Mabibo, Dar es Salaam
29 Novemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, nakula, niamini.

Nimeyaweka maneno yako kama yalivyo. Yalinishinda mara mbili, mara ya tatu jogoo wa jirani akawika katikati, ya nne ikakubali. Tajiri alikuja kusikiliza, mtu ambaye huwa anatazama saa tu. Alisimama mlangoni mpaka mwisho, kisha akaniuliza nani ameandika. Nikamwambia mtu mmoja wa Nkasi.

Ukienda kuitazama, angalia macho ya yule mwigizaji wakati huo. Uso wote umefunikwa kwa gundi, macho peke yake ndiyo yaliyobaki huru, na anayafanya yaseme. Sijui jina lake, maandishi ya mwisho yamefutika. Alikaa ndani ya lile vazi zito siku nyingi bila kujua kwamba siku moja angeeleweka Kate. Namheshimu sana mtu yule.

Nimewaomba wanitangulizie nakala moja kabla hawajaanza kuuza, nimempa dereva wa basi la Sumbawanga na barua hii. Kwenye bahasha nimeandika jina la Bundala. Nampigia simu leo hii.

Nina hofu, mama. Sijawahi kuogopa filamu yoyote kama ninavyoiogopa hii. Niandikie mara moja, hata neno moja.

Mwanao,
Rafaeli


Kate
20 Desemba 2024

Kwa mwanangu mpenzi Rafaeli,

Marahaba mara nyingi. Najua umesubiri na najua umepiga simu kwa Bundala kila kukicha, kaniambia. Nilimkataza asikueleze. Habari hii ni yangu kuileta. Goti langu limevimba kwa mvua, sikio lile lile, roho nzima.

Bundala aliiweka Jumapili baada ya Misa. Kijana yule ana moyo. Aliniambia bibi yake alihamishwa kijiji huko kwao kwa ajili ya macho mekundu, na kwamba alikua akisikia jambo hilo likisemwa nyumbani kwa kunong'ona. Siku hiyo alifungua mlango, akasema yeyote aingie. Wakajaa mpaka dirishani, waliotoka kwenye Misa na wasioijua Misa. Hakuna aliyetaka kukosa. Mimi nilivaa kitenge changu cha Pasaka, nikaenda kukaa benchi la mbele kabisa. Waliokuwa wamekaa hapo walihama taratibu, mmoja mmoja, kama watu waliokumbuka shughuli. Nikabaki peke yangu na benchi. Kisha Bertha akaja akajibwaga pembeni yangu kwa uzito wake wote, akasema kwa sauti kwamba tumbo limepona.

Picha ikaanza. Rafaeli, kwa nini hukuniambia kwamba kuna uzuri kiasi kile? Mimi nilidhani vitisho ni makelele. Lile giza lao si giza tupu, lina tabaka, unaona mvua ikipita mbele ya giza. Mtu wa Chumvi alipomwinamia mtoto, nilimshika Bertha mkono mpaka akalalamika. Nilijua mwisho, wewe mwenyewe uliniandikia kwa mkono wako, na bado moyo ulinipanda kooni. Nikamkumbuka mama yangu na zimwi lake la kila jioni. Kumbe kujua hakumzuii mtu kuogopa, na kuogopa pamoja na wengine gizani ni aina ya kukaa pamoja. Watu walionihama benchi walikuwa wanapumua nami pumzi moja.

Aliponyanyuka na mtoto, banda zima liliguna. Mvua ilipoanza kumla vidole, mwanamke mmoja nyuma yangu alianza kumwambia akimbie, akimbie mama, hivyo hivyo, mama. Nikamwona yule mwigizaji wako na macho yake. Ni kweli anayafanya yaseme. Mungu amlaze pema, popote alipolala.

Halafu mienge ikamzunguka, akakohoa.

Nilikuwa nimeyaandika mimi maneno yale, nikiwa nimekasirika, karibu na sufuria. Sikujua yatakuwa mazito vile yakitoka kwenye spika na mimi nimekaa chini yake. Nilihisi macho ya watu mgongoni. Iliposema msiseme hamnijui, sikugeuka. Niliwafahamu wote waliokuwa nyuma yangu. Nusu yao nimewapikia misiba ya wazazi wao. Watoto wa Polikarp wawili niliwapokea mimi kwa mikono hii, mkunga akiwa mbali na mto umejaa. Nilikaa nimetazama mbele, machozi yakishuka, nikaona fahari pia, sitakuficha. Fahari kubwa juu yako.

Picha ilipokwisha hakuna aliyesimama. Bundala alichelewa kuwasha taa, nadhani kwa makusudi. Tulitoka. Wachache walinisalimu kwa sauti ndogo, wengi walitazama chini, na Polikarp alipita ukuta kwa ukuta akaondoka. Nikarudi nyumbani nikijiambia, basi, angalau wamemsikia mpaka mwisho. Sikutegemea zaidi. Usiku mvua ikanyesha na nikalala nikihesabu kwamba mwaka huu nitanunua mahindi.

Asubuhi ya Jumatano nilikuwa nawasha moto nikasikia majembe. Nilidhani ni sikio linanidanganya, kwa kuwa limezoea. Nikatoka. Walikuwa bondeni, shambani kwangu, wameshaanza upande wa mtoni. Sikuwa nimeita mtu. Sikuwa nimepika pombe. Unajua tangu lini mtu wa Kate analima shamba la mwenzake bila pombe? Mimi sijawahi kuona. Hawakuwa wengi kama zamani, na kuna nyumba ambazo hazikuleta mtu, nazijua, wala sitajifanya zimenipenda. Lakini waliokuja walilima kwa nguvu. Na wote walikuwa wanabishana kuhusu Mtu wa Chumvi. Mmoja anasema amekufa, mwingine anasema chumvi haifi, imeingia mtoni tu, mwingine anadai aliona kwenye picha ya mwisho jiwe likitikisika. Bertha akawaambia wamuulize mwenyewe, yuko pale. Wakaniuliza kweli, watu wazima na ndevu zao. Nikawajibu sijui. Walinuna kama watoto.

Polikarp alikuja wa mwisho. Alichukua kona ya mbali, akalima bila kuinua uso wala kubishana na yeyote. Mimi nilikuwa uani, naogopa kuwakaribisha chochote. Uji nilikuwa nao, maji nilikuwa nayo mtungini, lakini niliikumbuka ile Jumamosi, na sikutaka kumweka mtu katika mtihani wa kukataa mbele ya wenzake. Nikakaa tu na mikono mapajani.

Jua lilipofika kichwani aliweka jembe chini, akapanda kuja nyumbani. Wale wa shambani waliacha kulima wakatazama. Alisimama mbele yangu, akaniamkia, nikamwitikia. Kisha akasema, "Mama, nina kiu."

Nilimchotea kwa kikombe changu mwenyewe. Nilikijaza mno, mengine yakamwagika. Alikunywa mpaka chini, akaninyooshea kikombe, akaomba kingine.

Mama yako,
Kristiana